Desemba ya Vitabu: Namna ya Kusoma Hadithi za Sikukuu na Riwaya kwa Mwezi Mzima

Mtu anayetaka kuutumia mwezi wa Desemba kusoma hana budi kwanza kuutazama mwezi wenyewe, kwa sababu Desemba ya Uganda haina mwendo mmoja. Siku zake za mwanzo ni za utulivu: shule zimefungwa au zinakaribia kufungwa, mvua zinapungua, na watu wa ofisini bado wanakwenda kazini kama kawaida. Ikifika katikati mambo hubadilika. Kuna harusi na sherehe za utambulisho karibu kila Jumamosi, masoko yanafurika, na nauli za mabasi ya kwenda vijijini zinapanda. Kati ya tarehe 24 na 26 hakuna mwenye muda wake mwenyewe, awe mpishi, mgeni au mwenye nyumba. Kisha kuanzia tarehe 27 shughuli hupungua ghafla, na siku zinazobaki hadi Mwaka Mpya, na kwa wanafunzi na walimu hadi shule zifunguliwe, ndizo ndefu na zenye nafasi kuliko zote.

Ushauri wangu wote unategemea jambo hilo: usipange vitabu kwa idadi, vipange kwa mwendo wa mwezi. Wako wasomaji hodari wanaoandika orodha ndefu mwishoni mwa Novemba, na ikifika tarehe 20 wameshaiacha. Mara nyingi hawana uvivu wowote. Riwaya nene imepangiwa juma la harusi na safari, na hadithi fupi zimepewa zile siku tulivu ambazo zingeweza kubeba riwaya. Ukiubadilisha mpangilio huo tu, vitabu vilevile vitasomeka kwa raha.

Kabla ya kuchagua chochote, pima mwendo wako. Keti mahali unapokusudia kusomea, soma kwa nusu saa kitabu cha aina unayoipenda bila kujiharakisha, kisha hesabu kurasa. Tuseme umesoma kurasa 15. Riwaya ya kurasa 240 itataka nusu saa 16, yaani siku 16 kwa msomaji wa nusu saa kwa siku, au siku 8 kwa anayesoma asubuhi na usiku. Hesabu hii ni ndogo lakini inaondoa ndoto. Utaona mara moja kwamba mtu mwenye kazi na watoto anaweza kumaliza riwaya mbili za wastani na hadithi fupi kadhaa ndani ya Desemba, na hilo ni jambo kubwa la kutosha.

Kuvipata vitabu mapema

Anza kutafuta Novemba. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Uganda sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwani maduka yetu ya vitabu yamejaa vitabu vya shule na riwaya za Kiingereza, na rafu ya Kiswahili, pale ilipo, huwa fupi. Hali inaweza kubadilika. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Wasomaji wapya wanakuja, na vitabu vitawafuata. Kwa sasa, njia ya uhakika ni kumwagiza ndugu au rafiki anayerudi nyumbani kwa likizo kutoka Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Mwandikie jina la kitabu na la mwandishi kikamilifu, mpe fedha mkononi, na umwombe anunue kabla maduka hayajafungwa kwa sikukuu. Wakazi wa Busia na Malaba wana bahati zaidi, kwa kuwa riwaya zinazosomwa katika shule za sekondari za Kenya wanaweza kuzitafuta kwa kuvuka mpaka tu.

Usizisahau maktaba. Maktaba ya Taifa ya Uganda iko Buganda Road, Kampala, na miji kadhaa ina maktaba za umma. Vijijini pia zipo maktaba za jamii. Ile ya Kitengesa, karibu na Masaka, ni mfano wa jinsi kijiji kinavyoweza kuwa na rafu zake. Uliza mapema kama kadi ya uanachama inakuruhusu kuazima kwa muda wote wa likizo, na ni tarehe gani watafunga milango.

Simu nayo ni rafu. Vitabu vya zamani ambavyo haki zake za uchapishaji zimekwisha, kama vile vya Charles Dickens, hupatikana bure kwa Kiingereza katika tovuti ya Project Gutenberg, na tovuti ya LibriVox ina sauti za watu wa kujitolea wakivisoma. Vipakue ukiwa mjini, kwenye mtandao wa uhakika, wala usingoje ufike kijijini. Pakua pia kamusi isiyohitaji intaneti. Kuhusu mwanga, taa ndogo ya sola inayoanikwa juani mchana inakutosheleza kwa saa kadhaa za usiku. Ni afadhali zaidi kuliko kusomea kwenye kioo cha simu gizani, maana macho huchoka na betri huisha.

Juma la kwanza: kitabu cha kukimbia nacho

Baada ya mwaka mzima wa kazi, akili haiko tayari kwa kitabu kizito. Ninachopendekeza kwa siku saba au kumi za mwanzo ni riwaya ya upelelezi, kwa sababu fumbo humvuta msomaji hata kama ameacha kusoma kwa miezi mingi. Katika Kiswahili tunaye Bwana Msa, mpelelezi wa Zanzibar mwenye kiko chake, aliyeumbwa na Muhammed Said Abdulla. Riwaya ya kwanza, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilichapishwa mwaka 1960, na baadaye ikafuata *Kisima cha Giningi*. Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye methali na mzaha mwingi, na kwa sisi tuliojifunza lugha hii barabarani, kambini au sokoni, ni nafasi ya kusikia jinsi inavyosemwa na wenyewe nyumbani kwao. Maneno mageni yatakuwepo. Yapigie mstari kwa penseli usonge mbele. Ukisimama kwenye kila neno kutafuta kamusi, fumbo litapoa.

Juma hili ndilo la kujenga saa yako ya kusoma. Chagua saa moja ambayo nyumba haikuhitaji na uishike kila siku. Wengi hupenda usiku. Mimi nashikilia alfajiri, kabla redio za majirani hazijawashwa, kwa kuwa usiku wa Desemba huliwa na wageni.

Kwa nyumba zilizo na watu wengi, kuna fursa nyingine ya msimu huu. Mwanzoni mwa Desemba senene bado wapo, na kazi ya kuwachambua, kung'oa mabawa na miguu mmoja mmoja, huwaweka watu barazani kwa muda mrefu wakiwa na mikono yenye kazi na masikio yaliyo huru. Mpe mtoto aliyemaliza darasa la saba kitabu, naye awasomee wengine. Atajikwaa mwanzoni, baada ya kurasa mbili au tatu utamsikia akianza kubadili sauti kila mhusika anapozungumza.

Juma la pili: riwaya ya moyo

Saa ikishajengeka, ingia katika riwaya ya Kiswahili yenye uzito. Nitataja tatu tu, kwa kuwa orodha ndefu haimsaidii mtu.

*Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza katika Zanzibar ya enzi za ukoloni, ambaye anaondoka katika ndoa ile na kuingia katika mapenzi na siasa za kudai uhuru. Inasomeka haraka, na mazungumzo yake ni hai sana. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, inatuhusu kwa njia nyingine: mwandishi alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilicho katika Ziwa Viktoria, ziwa lilelile tunalovulia Ggaba na Kalangala, na ndiko alikoanzia kisa cha Rosa na baba yake Zakaria, mzazi mkali kupita kiasi. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania kwa jinsi inavyozungumza waziwazi. Ni ya watu wazima, na wazazi wanafaa kuisoma kabla ya kuiacha mezani. Ya tatu ni *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake ili kulipia deni la baba, na kupitia macho yake tunaiona misafara ya biashara ikiingia bara.

Chagua moja kati ya hizo. Mbili zinazobaki ni akiba ya Januari.

Kuwa na daftari dogo kutasaidia hapa, lakini lisigeuke kazi ya shule. Andika majina ya wahusika na uhusiano wao ukurasa wa mwanzo, kwa sababu harusi ya Jumamosi itakukatiza na Jumatatu utakuwa umesahau nani ni shemeji ya nani. Kurasa nyingine ziachie sentensi zilizokugusa. Nakili sentensi nzima kwa mkono wako na uweke namba ya ukurasa; mkono huushika mtindo wa mwandishi kuliko jicho.

Tarehe 19 hadi 23: Dickens kwa sauti

Sasa tumefika kwenye hadithi za sikukuu zenyewe, na hapa naomba tukae kidogo. *A Christmas Carol* ya Charles Dickens ilichapishwa London tarehe 19 Desemba 1843. Aliiandika kwa muda wa kama majuma sita, na nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya Krismasi. Ina sehemu tano tu. Ukianza tarehe 19, siku ya kuchapishwa kwake, na kusoma sehemu moja kila usiku, utamaliza tarehe 23, na mkesha wa Krismasi utakukuta huru. Sijui mpango mwingine wa kusoma unaokaa vizuri kiasi hicho katika juma hili lenye vurugu.

Kitabu hiki kinataka kusikika. Dickens mwenyewe alizunguka akikisoma mbele ya hadhira kwa miaka mingi, hadi mwaka 1870, mwaka aliofariki. Ikiwa nakala yako ni ya Kiingereza na nyumbani kwenu mnaelewana zaidi kwa Kiswahili, fanya hivi: mchana, soma peke yako sehemu ya usiku huo, weka alama kwenye mahali patatu au panne ambapo kitu kinaonekana au kinasikika, kisha usiku simulia kwa Kiswahili chako, ukisimama kwenye zile alama na kuzieleza kwa ukamilifu. Usijaribu kutafsiri kila sentensi papo hapo, utakwama na wasikilizaji watasinzia.

Alama za kuweka si vigumu kuzipata. Katika sehemu ya kwanza yumo karani Bob Cratchit, ambaye moto wake ni mdogo hata unaonekana kama kaa moja tu, wala hawezi kuuongeza kwa sababu tajiri wake, Ebenezer Scrooge, ameliweka sanduku la makaa ya mawe chumbani mwake mwenyewe. Watoto huelewa mara moja mtu wa namna hiyo ni mtu gani, huna haja ya kuongeza neno "bahili". Kisha anakuja mzimu wa Marley, mshirika wa Scrooge aliyekufa, akiburuta mnyororo. Huo mnyororo uelezee polepole: umeundwa kwa visanduku vya fedha, funguo, kufuli, daftari za hesabu, hati za mali na mikoba mizito ya chuma. Waulize wasikilizaji mnyororo wa tajiri wa kwetu ungekuwa na nini. Nimewahi kusikia majibu ya kushangaza, ya hati za ardhi na mihuri ya ofisi, kutoka kwa watoto ambao nilidhani wamelala.

Yapo mambo yatakayotaka maelezo. Theluji ni mojawapo, ila usiseme kwamba sisi hatuijui, kwa kuwa ipo nchini mwetu, juu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Baridi ya London waelezee kwa baridi ya asubuhi ya Kabale, halafu uwaambie waiongeze mara nyingi. Bata bukini wa akina Cratchit, anayeliwa na familia nzima hadi mifupa, hahitaji ufafanuzi: kila nyumba inajua kuku mmoja wa sikukuu anavyogawiwa watu wengi, na nani hupewa finingi.

Sehemu ya tatu ni ndefu. Ianze mapema, au ruka sherehe ya mpwa wake Scrooge ukiona macho yanafumba. Sehemu ya nne inatisha, kwa hiyo watoto wadogo wakae karibu na mtu mzima. Sehemu ya tano ni fupi na yenye furaha, pale Scrooge anapomtuma kijana wa mtaani kununua bata mzinga mkubwa kama kijana mwenyewe. Hiyo mpe mtoto aisome, akipenda.

Safarini

Katikati ya siku hizo tano huenda ukasafiri. Watu wengine hawawezi kusoma ndani ya gari bila kichefuchefu, na hakuna haja ya kujilazimisha. Tumia ule muda wa kungoja. Takisi haiondoki hadi ijae, na katika kituo cha mabasi mtu anaweza kukaa kitini saa nzima akiuziwa maji, soksi na karanga. Saa hiyo inatosha kabisa kwa "The Gift of the Magi" ya O. Henry, hadithi iliyotoka katika gazeti la New York mnamo Desemba 1905, na ambayo ni ya kurasa chache tu. Della ana dola moja na senti 87, na Krismasi ni kesho. Anauza nywele zake ndefu ili amnunulie mumewe, Jim, mkufu wa saa. Jim naye ameiuza saa ili amnunulie mkewe vitana vya nywele zilezile. Kwa mtu aliyetoka kuhesabu noti zake akipima nauli, nguo za watoto na kilo ya nyama, hakuna hadithi inayofika karibu zaidi. Barabarani, weka sauti ya kitabu masikioni na utazame nje.

Siku zisizo na nafasi: tarehe 24 hadi 26

Siku hizi usijiwekee riwaya. Tarehe 24 kazi ni ya kumenya matoke, kunyonyoa kuku na kubabua majani ya migomba kwa ajili ya luwombo, mchuzi unaopikwa ndani ya majani hayo, na atakayejifungia chumbani na kitabu atakuwa amewaonea wenzake. Anayetaka kusoma aje jikoni na asome kwa sauti wengine wakimenya. Hadithi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1885 kuhusu fundi viatu Martin inafaa sana: Martin anaishi katika chumba kilicho chini ya usawa wa barabara, na kupitia dirisha lake anaona miguu tu ya wapitao, lakini anawatambua watu kwa viatu vyao, kwa kuwa karibu vyote vimeshapita mikononi mwake. Anaahidiwa ndotoni kwamba Bwana atamtembelea kesho, naye anakesha dirishani. Wanaokuja ni mzee mwenye kazi ya kufagia theluji, mama mwenye mtoto mchanga asiye na nguo za baridi, na muuza matunda anayegombana na mtoto mwizi. Wasikilizaji wataubaini mwisho kabla hujaufikia, na hilo haliiharibu hata kidogo.

Jioni ya Krismasi yenyewe, wageni wakishaondoka, mwachie mzee wa nyumba nafasi ya kusimulia. Muombe bibi, jjajja wa nyumba, awape kisa cha Kintu na Nnambi: jinsi Nnambi alivyokatazwa kurudi, akarudi kuchukua wimbi, ile nafaka ya kuku wake, na Walumbe, ambaye ni kifo, akamfuata duniani. Wengi tumeisikia utotoni na kuikumbuka nusunusu. Msikilizeni hadi mwisho bila kumkatiza wala kumsahihisha. Kitakufaa siku mbili baadaye, kama utakavyoona.

Kwa familia za Kiislamu, ambako Idi hufuata mwezi mwandamo na hivyo huja wakati wowote wa mwaka, likizo hii ni yao vilevile, na hadithi za kusomeana hazikosekani. Ningewapa *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Adili anakula vizuri na manyani wawili, kisha kila usiku analazimika kuwapiga mijeledi huku moyo ukimuuma, na manyani hao ni ndugu zake wa damu. Msikilizaji hawezi kulala kabla ya kujua sababu. Kitabu ni chembamba, na Kiswahili chake kina mizani na urari unaopendeza kinywani hata pasipo ushairi.

Kuanzia tarehe 27: kitabu kinene

Hapa ndipo pa kitabu ulichokitamani mwaka mzima. Kwa msomaji wa Uganda, napendekeza bila kusita *Kintu* ya Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyochapishwa mwaka 2014 baada ya mswada wake kushinda shindano la uandishi la Kwani?, jarida la fasihi la Kenya, la mwaka 2013. Iko kwa Kiingereza, lakini ni Kiingereza kilichojaa maneno na mwendo wa Kiganda. Inafungua Bwaise, Kampala, Januari 2004, kisha inarudi nyuma hadi mwaka 1750, kwa Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, anayesafiri na watu wake kwenda kumpa heshima kabaka mpya. Huyu si yule Kintu wa bibi yako, mume wa Nnambi, lakini jina hilo linabeba kumbukumbu ya yule, na utakayekuwa umesikia kisa kile juzi utausikia mwangwi wake kila mara. Safarini, katika nyika ya Lwera, Kintu anampiga kofi kijana Kalema, mtoto wa kulea, na kijana anakufa. Baba mzazi, Ntwire, anaulaani uzao wote wa Kintu. Riwaya inawafuata wazao hao hadi zama zetu.

Lwera ni ileile inayokatwa na barabara ya Masaka. Ikiwa umepita huko kwa basi kwenda au kurudi sikukuu, ukaona yale maji na majani pande zote mbili na wauza samaki kando ya lami, unazo tayari picha za sura za mwanzo. Ninawahimiza wanaosafiri njia hiyo wasome ile safari ya Kintu kabla ya kurudi Kampala, kisha wakae dirishani.

Kitabu hiki kina sehemu sita na ukoo mpana. Chora mti wa ukoo katika daftari lako na uujaze unavyosoma. Acha nafasi, maana pacha ni wengi na majina ya pacha hurudiarudia. Soma sehemu nzima kwa kikao kimoja ikiwezekana, kwa sababu kila sehemu kubwa ina mtu wake na nyumba yake, na kukatiza katikati humfanya mtu apoteze hisia za nyumba ile. Kati ya sehemu moja na nyingine pumzika nusu siku, tembea, zungumza na watu.

Asiyetaka riwaya ya Kiingereza ana mlango mwingine mzuri. *Wimbo wa Lawino*, tafsiri ya Paul Sozigwa ya utenzi maarufu wa Okot p'Bitek, mwana wa Gulu, unaweza kusomwa kwa siku tatu au nne, wimbo baada ya wimbo. Lawino anamlalamikia mumewe, Ocol, aliyesoma na kuyadharau ya nyumbani. Ukipata watu wawili, mmoja asome na mwingine amjibu kwa niaba ya Ocol, kwa maneno yake mwenyewe. Mabishano yatakayozuka mezani yana thamani kuliko uchambuzi wowote ulioandikwa, hasa nyumba ikiwa na vijana wa chuo na shangazi zao.

Usiku wa tarehe 31 kuna hadithi moja inayoujia kwa tarehe: ile ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1845, ya msichana muuza viberiti katika jioni ya mwisho wa mwaka, anayewasha njiti moja baada ya nyingine ili ajipashe joto. Ni ya kurasa mbili au tatu. Inaisha kwa kifo, na ninadhani si ya kusomewa watoto wadogo usiku ambao wenzao wanangoja fataki. Ni ya mtu mzima aliye peke yake, au ya wawili wanaopendana.

Pale mpango unapovunjika

Utavunjika mahali fulani, kwa msiba, kwa ugonjwa wa mtoto, au kwa kitabu chenyewe kukataa. Kuhusu hilo la mwisho, kipe kitabu kurasa 50. Kikiwa bado hakikushiki, kiweke kando bila hatia na uchukue kingine, isipokuwa kama uliahidiana na mtu kukisoma pamoja. Siku zikipotea, usijaribu kuzilipa kwa kusoma mara mbili. Ondoa kitabu kimoja katika orodha. Cha kuondoa kwanza ni riwaya ya juma la pili, kwa sababu inaweza kungoja. Hadithi za sikukuu zikipita tarehe zake ladha hupungua, na kitabu kinene kina siku zake baada ya tarehe 27.

Kama ifikapo Mwaka Mpya hujamaliza kitabu kinene, weka alama mahali ulipofika na uandike katika daftari sentensi mbili za kukukumbusha hali ilivyo. Wanafunzi na walimu wana muda hadi mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, shule zinapofunguliwa. Wafanyakazi wa ofisini waishike ile saa ya alfajiri, ambayo sasa imeshazoeleka. Vitabu vya kuazima virudishwe kabla karo na sare hazijaanza kuwashughulisha watu, na aliyekuletea riwaya kutoka Nairobi au Dar es Salaam apewe aisome kwanza kabla haijapelekwa kwa mwingine.